Hog Hammock: Kijiji cha Mwisho cha Kisiwa cha Sapelo

Kisiwa cha Sapelo ni kimojawapo cha visiwa vinavyoikinga pwani ya jimbo la Georgia, kusini-mashariki mwa Marekani, dhidi ya mawimbi ya bahari ya Atlantiki, na katika upande wake wa kusini kimebaki kijiji kimoja tu, Hog Hammock, ambacho wakazi wake wa asili ni wazawa wa Waafrika waliotumikishwa katika mashamba ya pamba na miwa ya kisiwa hichohicho. Eneo la kijiji ni zaidi kidogo ya ekari 400, ilhali kisiwa kizima, pamoja na vinamasi vyake, kinakadiriwa kuwa na ekari 16,500. Na wazawa wanaoishi humo mwaka mzima sasa hawafiki 50. Udogo huo haukipunguzii kijiji uzito wake katika historia, kwa kuwa ndani ya ekari hizo chache limehifadhiwa swali ambalo watu wa mwambao na visiwa vya Afrika Mashariki nao wanalifahamu vyema, yaani nani mwenye kauli ya mwisho juu ya ardhi ya pwani: aliyeilima na kuwazika wazee wake humo, au aliyeishika hati yake.

Ili historia hiyo ieleweke, ni lazima kwanza ieleweke hadhi ya kijiji hiki katika sheria. Nchini Marekani makazi ya watu hupata mamlaka yake yenyewe pale yanapopewa hati na jimbo ya kuwa mji au manispaa, na kwa hati hiyo huwa na mipaka inayotambuliwa, meya, baraza la kuchaguliwa, na uwezo wa kutunga kanuni za ujenzi na kutoza kodi. Makazi ambayo hayakupewa hati ya namna hiyo, hata yakiwa na jina, kanisa, makaburi na watu waliokaa pamoja kwa vizazi vingi, huhesabiwa kuwa jamii isiyo na mamlaka ya mji, na mambo yake yote huamuliwa na kaunti, ambayo ni ngazi ya utawala iliyo chini ya jimbo. Hog Hammock ni jamii ya aina hiyo ndani ya kaunti ya McIntosh, yenye wakazi takriban 11,000 na makao makuu yake katika mji mdogo wa Darien, ng'ambo ya maji. Msomaji wa Tanzania, aliyezoea kwamba kijiji kina halmashauri yake na mkutano wake mkuu, na kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri hiyo usimamizi wa ardhi ya kijiji, hana budi kuiweka kando picha hiyo, kwa maana Hog Hammock haina chombo chochote cha kisheria kinachoweza kusema ndiyo au hapana kuhusu ardhi yake. Karibu kila balaa lililokipata kijiji hiki katika miaka ya karibuni limepitia katika mwanya huo.

Jiografia ya mahali hapa inaeleza kwa nini watu walidumu humo na kwa nini sasa wanaandamwa. Sapelo haina daraja. Msafiri hupanda kivuko cha serikali ya jimbo katika gati la Meridian, upande wa bara, akapita kwa muda wa dakika 20 hivi katika mikondo inayopinda kati ya vinamasi vya maji ya chumvi, ambavyo ni nyanda pana za matope zilizoota nyasi ndefu na zinazofunikwa na kufunuliwa kila maji yanapojaa na kupwa. Tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Georgia ni ya mita mbili na zaidi, na hasa nyakati za bamvua maji hupenya mbali sana ndani, yakileta chakula cha kamba, kaa, chaza na mikizi, viumbe ambavyo vimewalisha watu wa kisiwa tangu kabla ya historia ya maandishi. Upande wa mashariki upo ufuo wa mchanga unaoikabili bahari kuu, na katikati ni ardhi ya mchanga yenye mialoni isiyopukutisha majani, misonobari na michikichi mifupi ya porini. Mwinuko mdogo wa ardhi kavu yenye miti, uliozungukwa na kinamasi, ndio unaoitwa hammock katika pwani hiyo, na sehemu ya kwanza ya jina la kijiji inasimuliwa kuwa imetokana na Sampson Hog, mmoja wa wakazi wake wa mwanzo.

Watu wa kwanza wa kisiwa waliacha alama ambayo bado inaonekana, nayo ni duara kubwa la makombe ya chaza upande wa kaskazini-magharibi, lililorundikwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Waliofuata ni Waguale, ambao katika karne ya 17 walijengewa misheni na mapadri wa Kihispania, kabla misheni hizo hazijaachwa kutokana na mashambulizi yaliyotoka kaskazini. Waingereza walipoanzisha koloni ya Georgia, utumwa ulipigwa marufuku humo kwa miaka kadhaa, na ni jambo linalostahili kukumbukwa kwamba mwaka 1739 Waskoti wa Darien, mji uleule ambao leo ni makao ya kaunti, walitia saini ombi la kupinga kuingizwa kwa watumwa, wakieleza kuwa kumfunga binadamu utumwani ni jambo la kuchukiza. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1751, na katika nusu karne iliyofuata pwani yote ikawa ya mashamba makubwa. Sapelo ilipita katika mikono ya wamiliki mbalimbali, wakiwemo Wafaransa wachache waliokimbia mapinduzi ya nchi yao, hadi mwaka 1802 Thomas Spalding alipoanza kununua sehemu ya kusini ya kisiwa. Na kufikia kifo chake mwaka 1851 alikuwa amekimiliki karibu chote, pamoja na mamia ya watu.

Spalding alisifiwa katika zama zake kama mkulima mbunifu, na sifa hiyo imerudiwa katika vitabu vingi bila kuulizwa mikono iliyotenda kazi ilikuwa ya nani. Mfano ulio wazi zaidi ni majengo. Kisiwa hakina mawe, kwa hiyo nyumba kuu ya kusini, kinu cha sukari na maghala yalijengwa kwa mchanganyiko unaoitwa tabby, ambao hutengenezwa kwa chokaa, mchanga, makombe ya chaza na maji kwa vipimo vinavyokaribia kulingana. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma makombe, mengi yake yakichukuliwa katika marundo yaliyoachwa na wenyeji wa kale, juu ya tanuu ya magogo, kisha majivu yake yakazimuliwa kwa maji. Mchanga ulipaswa kuoshwa ili chumvi isiuharibu ukuta. Na mchanganyiko ulimiminwa na kushindiliwa ndani ya visanduku vya mbao visivyo na kitako, tabaka moja likiachwa likauke kabla ya lingine kuwekwa juu yake. Mafundi wa Lamu, Pemba na Kilwa, waliochoma matumbawe kupata chokaa ya misikiti na majumba, wangeielewa kazi hiyo hatua kwa hatua, ingawa hakuna uhusiano wa moja kwa moja kati ya pwani hizo mbili, na kufanana huko kunatokana na bahari kuwapa watu wa pande zote vitu vya aina moja. Kuta za tabby zilizojengwa kabla ya mwaka 1820 bado zimesimama Sapelo, zingine zikiwa magofu katikati ya vichaka, na kila kombe linaloonekana ukutani liliokotwa, likabebwa na kuchomwa na mtu ambaye hakulipwa.

Zao kuu lilikuwa pamba ya visiwani, aina yenye nyuzi ndefu na laini iliyopata bei kubwa katika viwanda vya Uingereza, na pamoja nayo miwa na mpunga. Kazi ilipangwa kwa ngwe, yaani kila mtumwa alipimiwa kipande cha shamba cha kumaliza kwa siku, na aliyemaliza ngwe yake alibaki na saa chache za kulima bustani yake, kutupa kimia mtoni au kusuka vikapu. Mpango huu haukuwa huruma ya mabwana, kwani ulipunguza gharama ya kuwalisha watu na ya kuwasimamia, lakini katika saa hizo chache ndipo utamaduni wa watu wanaoitwa Gullah Geechee ulipojengeka. Wengi wa wazee wao waliletwa kutoka Senegambia, Guinea, Sierra Leone, maeneo jirani ya Afrika Magharibi, na Kongo na Angola, na kwa kuwa visiwani Wazungu walikuwa wachache na joto la kiangazi pamoja na malaria viliwafukuza kwa miezi mingi ya mwaka, Waafrika walibaki wengi na karibu peke yao. Walizungumza lugha iliyochanganya Kiingereza na miundo na maneno ya lugha zao za asili, ambayo mwanaisimu Lorenzo Dow Turner aliirekodi katika pwani hiyo kuanzia miaka ya 1930 na kuichambua katika kitabu chake cha mwaka 1949, akiwanyamazisha wale waliodai kuwa ni Kiingereza kilichoharibiwa. Walitwanga mpunga kwa kinu na mchi, wakaupeta kwa nyungo za nyasi zilizosukwa kwa kuzungushia duara juu ya duara, na wakadumisha ibada ya kuimba huku wakizunguka kinyume cha saa, ambayo ilihamia baadaye katika nyumba za sala za Kikristo.

Mtu anayejulikana zaidi katika historia ya kisiwa ni Bilali Muhammad, ambaye habari zake zinamgusa kwa namna ya pekee msomaji wa Kiswahili aliyekulia karibu na chuo cha Kurani. Bilali alizaliwa Timbo, katika nyanda za juu za Futa Jallon zilizo leo nchini Guinea, akasoma dini na Kiarabu kabla ya kutekwa, akapitishwa katika visiwa vya Bahama na hatimaye akauzwa kwa Spalding mwanzoni mwa karne ya 19. Spalding alimweka kuwa msimamizi mkuu wa shamba, na wakati wa vita vya Marekani na Uingereza, mwaka 1813, alimkabidhi bunduki zipatazo 80 ili yeye na wenzake walinde kisiwa, jambo lililokuwa nadra mno katika nchi ambayo mabwana waliiogopa silaha mikononi mwa watumwa kuliko adui yeyote wa nje. Inaelezwa pia kwamba wakati wa kimbunga kikali cha mwaka 1824 aliwakusanya watu ndani ya majengo ya tabby na kuwaokoa. Alisali kwa nyakati zake, alifunga, na alivaa kofia. Na mmoja wa wazawa wake, Katie Brown, aliyehojiwa katika miaka ya 1930 na waandishi wa mradi wa serikali uliozaa kitabu kilichotoka mwaka 1940, alieleza jinsi Bilali na mkewe walivyopiga magoti juu ya mkeka jua likichomoza, likiwa katikati na likitua, wakivuta tasbihi, na jinsi bibi yake alivyotengeneza vitumbua vya mchele kwa asali au sukari na kuwagawia watoto siku maalumu, vikiitwa saraka. Hakuna Mwislamu wa pwani ya Afrika Mashariki atakayehitaji kuelezwa kwamba hiyo ni sadaka.

Bilali aliacha maandishi ya kurasa 13 kwa herufi za Kiarabu za mtindo wa Afrika Magharibi, ambayo katika miaka ya 1850 yalifika mikononi mwa mwandishi Francis Goulding wa Georgia na ambayo kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa shajara ya mtumwa. Wasomi walipoyachunguza kwa makini, kazi ambayo Joseph Greenberg aliianza kwa kuyapeleka Kano, nchini Nigeria, mwaka 1939, waligundua kuwa sehemu yake imetokana na Risala ya Ibn Abi Zayd al-Qayrawani, kitabu cha fiqhi cha karne ya 10 kinachosomeshwa katika madhehebu ya Maliki, na kwamba yanahusu mambo kama udhu, adhana na sala. Mtu aliyekaa utumwani kwa miongo mingi, bila kitabu wala mwalimu, alikuwa ameyaandika kutoka kichwani yale aliyoyasoma ujanani. Maandishi hayo yamehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Georgia, nayo ni hati ya kwanza ya kisheria ya jamii ya Sapelo, iliyotangulia hati zote za ardhi zilizokuja baadaye.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 na manowari za Kaskazini zikaizuia pwani, ukoo wa Spalding uliwahamishia watumwa wake bara, mbali na bahari, na vita vilipokwisha watu hao walirudi, wengi wao kwa miguu. Walirudi kwenye kile walichoamini kuwa chao, na imani hiyo ilikuwa na msingi wa maandishi. Tarehe 16 Januari 1865 Jenerali William Sherman alikuwa ametoa Amri Maalumu Na. 15, iliyotenga visiwa na mashamba ya mpunga yaliyoachwa kuanzia Charleston hadi mto St. Johns wa Florida, hadi maili 30 kuingia bara, yawe makazi ya watu waliokombolewa, kila familia ikipewa ardhi isiyozidi ekari 40. Tunis Campbell, mhubiri mweusi kutoka Kaskazini, aliwekwa kusimamia visiwa vya Georgia, na Sapelo ikapata shule na utawala wake wa muda. Kabla mwaka huo haujaisha Rais Andrew Johnson alikuwa ameshaamua mashamba yarudishwe kwa wamiliki wa zamani, hivyo watu waliopewa ardhi mwanzoni mwa mwaka wakatakiwa kusaini mikataba ya vibarua juu ya ardhi hiyohiyo au kuondoka. Kati ya ahadi zote zilizovunjwa katika historia ya Wamarekani weusi, hii ndiyo iliyoacha madhara ya kudumu zaidi, kwa sababu iliwanyima mtaji wakati ambapo ardhi ilikuwa ndiyo mtaji.

Watu wa Sapelo walichagua kununua. Mwaka 1871 watu watatu, William Hillery, John Grovner na Bilali Bell, waliunda kampuni yao na kununua ekari 1,000 katika Raccoon Bluff, upande wa kaskazini-mashariki wa kisiwa, kwa dola 2,000, wakitanguliza kiasi na kulipa kinachobaki kwa awamu, kisha wakazigawa kwa familia. Miaka michache tu baada ya utumwa, watu waliokuwa wakiuzwa pamoja na ardhi wakawa wauzaji na wanunuzi wa ardhi wenye kampuni, jambo ambalo halijapewa nafasi linayostahili katika vitabu vya historia ya uchumi wa nchi hiyo. Wengine walinunua vipande kutoka kwa warithi wa Spalding, na makazi kadhaa yakaota: Raccoon Bluff, Shell Hammock, Belle Marsh, Lumber Landing na Hog Hammock, wakazi wake wote wakizika katika makaburi ya Behavior, ambayo bado yanatumika. Kanisa la First African Baptist, lililoanzishwa mwaka 1866, lilipata jengo lake la Raccoon Bluff baada ya kimbunga cha mwaka 1898, ambacho kiliitia pwani nzima hasara kubwa. Ubatizo ulifanywa wakati maji yanapopwa, ili dhambi ziende na bahari. Familia zilijitosheleza kwa viazi vitamu, kunde nyekundu, mahindi, nguruwe, samaki na chaza, na pesa kidogo ilitokana na mbao, kuvua na kazi za kibarua. Pamba iliyokuwa sababu ya wao kuletwa kisiwani ilitoweka baada ya fukusi wa vitumba kuingia Georgia mnamo mwaka 1915, na kutoweka huko hakukuwavunja watu wa Sapelo kama kulivyowavunja wapangaji wa bara waliotegemea zao hilo peke yake.

Hatari kubwa zaidi ilitoka kwa matajiri. Mwaka 1912 Howard Coffin, mhandisi na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya magari ya Hudson ya Detroit, aliununua upande wote wa kisiwa ambao haukuwa wa familia nyeusi, akaifufua nyumba ya Spalding iliyokuwa gofu na kuwakaribisha humo wageni mashuhuri, Rais Calvin Coolidge akiwa mmoja wao. Msukosuko wa uchumi ulimlazimisha kuuza mwaka 1934, na mnunuzi alikuwa Richard J. Reynolds Mdogo, mrithi wa utajiri wa tumbaku wa North Carolina. Reynolds alikitaka kisiwa kiwe mahali pake pa kuwinda, na kuanzia miaka ya 1950 aliamua kuwakusanya wakazi wote mahali pamoja, Hog Hammock. Familia za Belle Marsh, Raccoon Bluff na kwingineko zilihimizwa kubadilisha ardhi yao kwa viwanja vidogo kijijini humo na ahadi ya mbao za kujengea. Wazee wamesimulia kwamba mabadilishano hayo hayakuwa ya hiari kwa maana ya kweli ya neno hilo, kwa kuwa aliyependekeza ndiye aliyekuwa mwajiri pekee na ndiye aliyemiliki mashua, na mtu aliyekataa angekosa kazi na namna ya kufika bara. Cornelia Walker Bailey, mzawa wa Bilali aliyezaliwa mwaka 1945 na ambaye kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 2000 ndizo chanzo bora cha maisha ya kisiwa katika zama hizo, alitoka Belle Marsh akiwa mtoto na aliishi Hog Hammock hadi kifo chake mwaka 2017. Kufikia mwaka 1964 Raccoon Bluff, ile ardhi iliyonunuliwa mwaka 1871, ilikuwa tupu.

Aina hii ya kuhamishwa haikuwa ya Sapelo peke yake. Katika kaunti hiyohiyo, Harris Neck, kijiji cha wavuvi na wakulima weusi, kilichukuliwa na serikali kuu mwaka 1942 ili kijengwe kiwanja cha ndege za kivita, na vita vilipokwisha ardhi haikurudi kwa wenyewe, bali hatimaye ikawa hifadhi ya ndege wa porini. Sapelo nayo ilielekea huko, kwani Reynolds alifariki mwezi Desemba 1964 na mjane wake akauza sehemu ya kaskazini kwa jimbo la Georgia mwaka 1969 na sehemu ya kusini mwaka 1976, zikawa hifadhi za wanyama na za utafiti wa milango ya mito. Utafiti huo umeleta manufaa makubwa kwa elimu ya ikolojia, kwa maana mengi yanayojulikana duniani kuhusu vinamasi vya chumvi yalithibitishwa na wanasayansi wa kituo cha Chuo Kikuu cha Georgia kilichofunguliwa kisiwani mwaka 1953. Lakini kwa wanakijiji maana yake ilikuwa kwamba jirani mmoja tajiri alimpisha jirani mwingine mwenye nguvu zaidi, aliyekuwa mwenye kivuko, gati, sehemu kubwa mno ya ardhi na karibu ajira zote. Mwaka 1978 shule ya kisiwa ilifungwa, na tangu hapo watoto hupanda kivuko na kisha basi kwenda kusoma bara. Kijiji kisicho na shule huanza kupoteza familia changa, na ndivyo ilivyokuwa.

Kilichobaki kilikuwa ardhi, nayo ilishikwa kwa utaratibu wenye udhaifu wake. Wazee wengi hawakuandika wasia, kwa hiyo kila kifo kiliifanya ardhi kuwa mali ya pamoja ya warithi wote bila kugawanywa, na baada ya vizazi vitatu au vinne kiwanja kimoja kikawa na wenye haki kwa makumi, wengine wakiishi New York au Jacksonville bila kukiona kisiwa. Kwa utaratibu wa zamani mrithi yeyote, au mtu wa nje aliyenunua fungu dogo la mrithi mmoja, aliweza kuiomba mahakama iamuru ardhi yote iuzwe kwa mnada, na kwa njia hiyo ardhi kubwa ya watu weusi wa Kusini ilipotea bila risasi kupigwa. Georgia ilikuwa miongoni mwa majimbo ya mwanzo kupitisha, mwaka 2012, sheria inayowapa warithi nafasi ya kwanza ya kulinunua fungu la anayetaka kuuza. Lakini mwaka huohuo kaunti ya McIntosh ilithamini upya viwanja vya Hog Hammock kwa kufuata bei walizolipa wageni waliojijengea nyumba za mapumziko, na kodi ikaruka: familia moja iliyolipa dola 362 mwaka 2011 ilidaiwa 2,312 mwaka uliofuata, katika kijiji ambacho hakikuwa na shule, polisi wa kudumu wala zahanati. Wanakijiji walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho mwaka 2015, wakidai kwamba wanalipishwa kwa huduma wasizozipata na kwamba vyombo vya usafiri na gati havifai kwa wazee na walemavu; jimbo lilifikia nao maelewano mwaka 2020, na kaunti mwaka 2022.

Chini ya mwaka mmoja na nusu baadaye likaja pigo jingine. Kwa miaka mingi kanuni za kaunti ziliitambua Hog Hammock kuwa eneo lenye utamaduni wa pekee na ziliweka kikomo cha ukubwa wa nyumba, futi za mraba 1,400, kwa lengo la kuwazuia matajiri kujenga majumba yatakayopandisha thamani ya viwanja na kodi pamoja nayo. Tarehe 12 Septemba 2023 makamishna wa kaunti walipiga kura kukipandisha kikomo hicho hadi futi 3,000. Kwa mtu wa mbali huenda jambo hili likaonekana kuwa suala dogo la vipimo vya ujenzi, ilhali kwa jamii isiyo na baraza lake kikomo hicho ndicho kilikuwa ukuta wa mwisho, na waliouvunja ni watu waliochaguliwa na kaunti nzima.

Pamoja na hayo, wanakijiji hawakukaa wakingoja kumalizwa. Tangu miaka ya 1990 wana chama chao cha kuhifadhi utamaduni, ambacho huandaa Siku ya Utamaduni kila mwezi Oktoba. Mwaka 1996 kijiji kiliingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria. Mwaka 2006 Bunge la Marekani liliitambua rasmi pwani yote ya Gullah Geechee, kuanzia North Carolina hadi Florida, kuwa ukanda wa urithi. Na zao la kunde nyekundu za kisiwa pamoja na aina ya zamani ya miwa yamefufuliwa ili yawape watu kipato na sababu ya kuilima ardhi badala ya kuiuza. Siku ya Utamaduni ya tarehe 19 Oktoba 2024 iligeuka msiba pale daraja la alumini la gati la serikali ya jimbo lilipokatika likiwa limejaa wageni, wakafa watu 7, na hivyo gati ambalo wanakijiji waliwahi kulifikisha mahakamani likaondoa roho za watu waliokuja kuwaenzi.

Kuhusu kanuni ya mwaka 2023, wakazi na wapiga kura wenzao wa kaunti walikusanya saini zaidi ya 1,800 ili kuitisha kura ya maoni chini ya kifungu cha katiba ya Georgia, kaunti ikaipinga, na jaji akaisimamisha kura wakati upigaji wa mapema ulikuwa umekwisha kuanza. Mwezi Septemba 2025 Mahakama ya Juu ya Georgia ilitengua uamuzi huo na kuthibitisha kwamba raia wana haki ya kuiomba kura ya namna hiyo dhidi ya kanuni za ardhi za kaunti. Ushindi huo ni mkubwa na unastahili kusherehekewa, lakini haukubadilisha hadhi ya kijiji: kwa kuwa Hog Hammock si mji wala manispaa, swali la ukubwa wa nyumba zake haliwezi kuulizwa kwa wakazi wake peke yao, na kila kura inayolihusu hupigwa na wapiga kura wa kaunti yote ya McIntosh.